Mkwaruzo wa Harusi

Jumamosi, sokoni Newtown, mama mmoja wa Morogoro aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku kusini aliyekuwa uhamishoni kwao alikuwa akisikiliza CD ya muziki wa funk mezani kwa muuzaji Mkongo, nami nikisubiri zamu yangu.

"Kaka, hii siyo. Hairuki!"

"Mama, ni mupya. Itaruka namna gani?"

Mama akacheka, akamweleza. Santuri ya wimbo huo kwenye harusi yao ilikuwa na mkwaruzo kwenye kiitikio. Iliporuka, ukumbi mzima uliruka nayo.

Muuzaji akaufungulia wimbo kwenye spika. Mumewe, mzee wa fimbo, akasogea. Kiitikio kikapita laini kabisa, na mume na mke wakaruka pamoja palepale pa mkwaruzo wa zamani, fimbo juu.

Nyumbani nina santuri za soul ninazozipangusa kama vikombe vya wageni. Hazina mkwaruzo hata mmoja. Siku ile nilizionea huruma.