Ishara Nyuma ya Taulo

Mume wangu ni fundi makochi asubuhi na kocha wa ngumi jioni, na mtaani wamemaliza maneno, wanamwita Kocha wa Makochi. Hachukii. Ana mikono mipana yenye makovu ya stepla, na sauti ambayo akiita jirani, wa mtaa wa pili anaitika. Ukimwona anavyopigilia kitambaa mgongoni mwa kochi, midomo imebana misumari, utadhani ni mtu mkali. Mkali wapi! Panya akinaswa nyumbani ni mimi ninayemtoa. Yeye siku hiyo huwa amepata safari ya ghafla.

Karakana yake ina makochi mbele na begi la kupigia nyuma, limening'inizwa kwenye boriti na kujazwa masalia ya sponji na vitambaa vya wateja. Hapo ndipo alipomfundisha Kiberiti. Kiberiti ni mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, na tumemlea sisi tangu hajaota meno ya pili. Watu walimpa jina hilo kwa kuwa ni mwembamba na huwaka upesi. Yeye na mume wangu wanaitana "mjomba" kwa "mjomba" mpaka mgeni hajui nani mkubwa. Mimi huniita anti, na akitaka kunichokoza, mkaza mjomba. Hana watu wengine, na sisi hatuna mtoto mwingine. Kwa Kiberiti, mjomba wake akisema jua limechomoza magharibi, basi sisi wengine ndio tumegeuza nyumba.

Kuna jambo la watu wa ngumi ambalo sikulijua mpaka nilipoolewa. Kocha akiona mtu wake ameisha, sheria inamruhusu kutupa taulo ulingoni pambano likome. Lakini bondia hasahau taulo. Aliyempiga atamsamehe na watakunywa soda pamoja. Aliyemtupia taulo hatamsamehe, kwa sababu huyo ni mtu wake na ndiye aliyemkatia tamaa mbele za watu. Kwa hiyo makocha wa siku nyingi na waamuzi wa siku nyingi wana yao. Kwenye mapumziko kati ya raundi, kocha humfunika bondia uso kwa taulo lenye maji, kama anayempooza. Nyuma ya taulo humtazama mwamuzi na kushusha kiganja taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Imetosha. Mwamuzi haitikii hata kwa kope. Raundi ikianza anasubiri ngumi mbili tatu ziingie, kisha anajitia katikati na kupunga mikono. Watu wanamzomea, kocha naye analalamika kidogo, kwa adabu, na kijana anarudi nyumbani akisema mwamuzi kamwonea. Heshima yake imebaki.

"Mwamuzi ni jalala," mume wangu alinielezea. "Kila mtu anatupa pale, nyumba zinabaki safi."

Jalala tuliyemchafua sisi alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, mshona sare za shule ng'ambo ya soko. Mfupi, nadhifu, anayenyoosha hata kamba za viatu. Amechezesha ngumi tangu mume wangu akiwa bondia. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana, ila nyuzi na sindano za ngozi waliazimana, na wakikutana wanasimama kuongea mpaka mimi nachoka na kikapu changu.

Siku ya pambano la mkanda, Kiberiti na bingwa mtetezi, nilikaa nyuma kabisa ya kona yetu nimeshika mkoba wa kijana. Mpaka katikati alikuwa anakwenda vizuri. Halafu akapigwa moja ya sikioni, na kengele ilipolia alirudi kwenye stuli akiwa anatembea kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Mume wangu alipiga magoti mbele yake. Nikaona midomo ya Kiberiti inacheza, anasema kitu kifupi. Mume wangu akaganda na sponji mkononi. Kisha akachovya taulo kwenye ndoo, akamfunika uso mzima, akageuza shingo kumtafuta mwamuzi, na kiganja chake kikashuka. Yule fundi cherehani aliangalia, akaangalia pembeni.

Sasa, bahati ikiamua kukufanyia kejeli haibishi hodi. Raundi ilianza, na Kiberiti, huyo huyo aliyekuwa hajijui, akarusha ngumi moja ya mbali ikamkuta bingwa kidevuni. Magoti ya bingwa yakalegea. Ukumbi mzima ukasimama. Bingwa akajibu kwa mbili, za kawaida tu, Kiberiti akarudi nyuma hatua moja, na hapo mzee akajitosa katikati na kupunga mikono. Pambano limekwisha. Zilirushwa chupa na viatu. Nami niliyeona kiganja kikishuka kwa macho yangu mawili, nilijikuta nimepanda juu ya kiti namtukana yule mzee matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Kiberiti alikuwa analia waziwazi. "Mjomba, waambie! Nilikuwa mzima! Nilikuwa nammaliza! Waambie, mjomba!"

Na mtangazaji wa redio alikuwa ameshafika na kipaza sauti. Hapo ndipo mume wangu alipotakiwa kulalamika kidogo, kwa adabu. Aliangalia kipaza sauti, akaangalia machozi ya kijana, na ile sauti yake ya mtaa wa pili ikatoka yote.

"Tumeibiwa mchana kweupe! Huyu mwamuzi kanunuliwa! Nasema kanunuliwa!"

Kulalamika kunaruhusiwa. Neno lile haliruhusiwi, na kila mtu wa ngumi analijua hilo kuliko jina la baba yake. Nilimwona yule mzee ulingoni akigeuka kumtazama mume wangu. Hakukunja uso. Alitazama tu, kisha akainama kupita kati ya kamba.

Kesho yake sauti ya mume wangu ilikuwa kwenye kila simu. Wateja walikwenda kwa fundi cherehani kumkejeli. "Fundi, suruali ya mwanangu usiishie magotini, maana wewe una tabia ya kusimamisha kabla ya mwisho." Wengine walichukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine. Kamati ya ngumi ikamwita ajieleze, na ikamwita mume wangu akathibitishe alichosema.

Nyumbani nilikuwa naishi na mtu aliyekunywa maji ya betri. Alimshonea mteja foronya za makochi, maua yote yakaangalia ndani. Nilingoja aseme mwenyewe. Hakusema, nami si mtu wa kungoja sana.

"Nilikuona," nikamwambia.

"Uliona nini?"

"Kiganja. Haya macho sikuyaazima."

Alikaa chini kwenye marobota ya sponji. "Basi nifiche, mke wangu," akasema. Mtu mwenye kifua kile, ananiambia nimfiche! Niliona aibu kwa ajili yake, na nikaona aibu zaidi kwa kuwa nilikuwa namhurumia.

Siku mbili kabla ya kikao, mzee mwenyewe alikuja karakana. Mume wangu alitafuta kiti cha kumpa, na katika karakana nzima ya makochi hapakuwa na kochi lililokamilika. Mzee akakalia ukingo wa fremu tupu, magoti pamoja.

"Kocha, sikuja kugombana," alisema. "Habari ya taulo siiombi. Hiyo ni yetu, na kijana asiijue kamwe. Naomba neno moja tu uliondoe. Kanunuliwa. Wajukuu zangu wanaimbiwa shuleni. Sema ulikuwa na hasira. Hasira kila mtu anazijua."

"Nitaliondoa, mzee wangu."

"Basi yametosha." Akanyoosha mkono, akaona wa mume wangu umejaa gundi, akamgusa kiwiko na kuondoka. Mume wangu aliushika ule mkono wake wa gundi juu hivyo hivyo, hajui auweke wapi.

Kikao kilikuwa katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Kiberiti alikuja na suti, nami nikakaa naye. Mume wangu aliliondoa neno kama alivyoahidi. Alisema zilikuwa hasira, na akaomba radhi. Tungeweza kwenda nyumbani hapo. Lakini mwenyekiti alimgeukia mzee.

"Sawa, hukununuliwa. Sasa kwa nini ulimsimamisha mtu anayeshinda?"

"Niliona hatari."

"Hatari ya nani? Bingwa ndiye aliyekuwa anapepesuka."

Watu wakacheka. Mzee alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza, ana sindano bado imechomekwa kwenye kola, aliisahau. Na mume wangu, ambaye hawezi kumtazama panya akihangaika, akasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia asimamishe. Nilimpa ishara nyuma ya taulo."

Kiberiti alinigeukia, akitabasamu kama anayesubiri nimweleze utani huo.

"Ulimpa ishara," mwenyekiti akasema. "Uliona nini kwa kijana?"

Mume wangu alifungua mdomo. Akamtazama Kiberiti. Akaufunga. "Niliona tu," akajibu.

"Uliona tu." Mwenyekiti akachukua simu, akabonyeza, na sauti ya mume wangu ikajaa chumba. Kanunuliwa! Nasema kanunuliwa! "Kocha, mtu aliyetoa ishara mwenyewe anaweza kulia hivi? Roho yako nzuri tumeiona, lakini hapa si mahali pa kubebana. Mzee, ulipewa ishara?"

Mzee hakuharakisha. Alimtazama kijana wangu na suti yake, kwa muda mrefu kidogo.

"Sikupewa ishara yoyote. Niliamua mwenyewe."

Wakaamua kwamba hakuhongwa, ila macho yamezeeka, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya waamuzi moja kwa moja. Aliwashukuru. Naapa, aliwashukuru.

Nje kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, watu walikuwa wanampa mume wangu mkono. Kocha, wewe ni mtu wa watu. Kocha, ungefaa kuwa shehe au padri. Kila sifa ilimshusha mabega. Kisha Kiberiti akamkumbatia.

"Mjomba, una moyo wewe! Unajitwisha uongo ili kumwokoa mzee aliyetuharibia? Mimi nisingeweza."

Mume wangu alikubali kukumbatiwa. Uso wake ulikuwa umenielekea mimi juu ya bega la kijana, na sijawahi kuona mtu akiona aibu namna ile. Ilikuwa inamtoka machoni. Ningenyamaza. Mke mwenye busara angenyamaza. Mimi nina ulimi, na ulikuwa umeshachoka kukaa ndani.

"Siyo uongo," nikasema. "Nilikuwa nyuma ya kona yenu. Niliona."

Kiberiti akamwachia. "Anti, usianze na wewe."

"Muulize mwenyewe."

"Mjomba?"

"Ni kweli."

"Ulinikatia tamaa?" Sauti ilipanda. "Wewe? Nilikuwa nammaliza yule! Uliona nini? Usiniambie 'niliona tu', mimi siyo kamati!"

"Tuyaache, mjomba. Twende nyumbani."

"Sema!"

Mume wangu, mwenye sauti ya mtaa wa pili, alijibu kwa sauti ambayo mimi niliyesimama karibu niliisikia kwa shida. "Ulipokaa kwenye stuli uliniita mama. Ulisema, mama, nipeleke nyumbani."

Kiberiti alianza kucheka. Kicheko hakikufika popote. Huyu ni mtoto ambaye tangu tumlete nyumbani hajawahi kumtaja mama yake, hata picha yake aliigeuza ikatazama ukuta, nasi tulimwachia. Alitazama watu waliosimama karibu, kama nani kasikia, nani hakusikia. Akavua koti la suti, sijui kwa nini, akalikunja mkononi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na mzee alikuwa anausogelea kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kiberiti akamwona. Akageuka, akapita kwenye korido ya vyoo na kutokea mlango wa nyuma.

Nilitaka kumfuata, mume wangu akanishika. "Mwache. Hataki kuonwa."

Mzee alikuwa amesimama. Aliutazama ule mlango wa nyuma uliokuwa bado unacheza kwenye bawaba, kisha akaja mpaka tulipo.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mzee wangu."

"Na alichosema kwenye stuli? Nilisikia na mimi, nilikuwa nimesimama karibu. Hata hilo?"

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno la kumtania. Maana kosa lilikuwa langu pia. Ni mimi niliyefungua mlango.

Mzee aliipapasa kola yake, akaikuta ile sindano, akaichomoa na kuishika kati ya vidole viwili. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Basi nimefukuzwa bure," alisema, akatupita na kwenda zake.