Picha ya Mwalimu Cherop

Celestine Nasimiyu alizaliwa Kaptembwo, akalelewa Kaptembwo, na hata alipopata kazi ya nyumba kule Bahati aliendelea kurudi kwa mama yake kila Jumapili baada ya kanisa. Babu yake ndiye aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Mama yake alikuwa akifulia watu nguo mpaka mgongo ukakataa, na hapo ndipo Nasimiyu alipoacha shule akiwa kidato cha pili na kwenda kutafuta kazi.

Nyumba aliyoipata ilikuwa ya mchoraji mmoja aitwaye Kipyegon. Mkewe, Cherop, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa na binti mmoja tu, Kimberly, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Eldoret. Kipyegon alichora pundamilia na flamingo za kutundikwa kwenye mahoteli, na kazi hiyo ilimchosha roho. Alikuwa na banda nyuma ya nyumba, zamani la ng'ombe, ambalo alilitia madirisha makubwa. Humo ndimo alimokaa mchana kutwa. Mara nyingi alisema anataka kuchora picha moja tu ambayo mtu hawezi kuipita akitafuta choo.

Cherop ndiye aliyemfundisha Nasimiyu kazi ya ile nyumba, na alimfundisha kama alivyofundisha darasa la pili, taratibu na bila kupaza sauti. Jioni walikaa jikoni wakichambua mboga huku mwalimu akisimulia vituko vya wanafunzi wake. Nasimiyu alimwita mum, kama wasichana wengi wa kazi wanavyowaita wenye nyumba, lakini baada ya muda neno hilo lilikuwa limeacha kuwa la heshima tu.

Ugonjwa ulianza na ugali. Cherop alikuwa akimeza tonge linakwama, anakunywa maji, linashuka. Baadaye hata wali ukawa unakwama. Walipofika hospitali, saratani ya koo ilikuwa imeshasambaa, na daktari aliwaambia wamrudishe nyumbani wamtunze.

Aliyemtunza ni Nasimiyu. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji mwembamba kwa mpira ulioingia tumboni, akamfulia mashuka. Kipyegon hakuweza. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na mwanamke mwingine kama majirani walivyodai. Alisimama tu mlangoni, mikono mfukoni, akamtazama mkewe, kisha akaondoka. Siku moja alijaribu kumwinua Cherop akamwumiza, na tangu hapo hakumgusa tena.

Kisha akaja na kibao chake cha kuchorea chumbani. Mwanzoni Cherop hakujali. Alifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye mto, akamwacha mumewe amchore, kwa kuwa angalau alikuwa ameketi naye. Lakini mwili ulipozidi kukauka, mashavu yakazama na meno yakatokeza, alikataa.

"Leo hapana, baba Kim," alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Na kesho pia hapana. Sura yangu inakaa vibaya."

"Unakaa kama wewe," Kipyegon alimjibu.

"Mimi sio huyu."

Kipyegon alibeba kibao chake akatoka. Lakini dawa ya maumivu ilimlaza Cherop usingizi mzito kila alasiri, na ndipo mumewe alipokuwa akirudi. Nasimiyu alimwona. Alikuwa akipita na ndoo, akimkuta ameinama mbele ya kile kibao cha kuchorea, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali. Hakumwambia neno. Angemwambia nini? Ilikuwa nyumba yake na mke wake.

Cherop alijua kwa harufu ya rangi.

"Alikuwa hapa?" alimwuliza Nasimiyu siku moja alipoamka.

Nasimiyu alijifanya anakunja taulo.

"Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote. Najua mtu akificha kitu."

"Alikuwa hapa, mum. Ulipolala."

Cherop alilia bila sauti, maana hakuwa nayo. Nasimiyu alimpangusa machozi, akangoja. Hatimaye Cherop alimshika kifundo cha mkono.

"Nikienda, hiyo picha isionekane na watu. Wanafunzi wangu wasinikumbuke hivi. Kim asinikumbuke hivi. Niahidi."

"Mwambie baba Kim mwenyewe, mum."

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Niahidi wewe."

Nasimiyu alimwahidi. Alisema baadaye kwamba hakufikiri. Mtu aliye katika hali ile akikuomba jambo, unasema ndiyo kwanza.

Cherop alifariki asubuhi, Nasimiyu akimlowesha midomo kwa pamba. Pumzi ilitoka, na nyingine haikuingia. Nasimiyu alikaa kidogo, kisha akaenda kwenye banda kumwita Kipyegon. Alikuja mbio, brashi ingali mkononi. Alisimama miguuni pa kitanda kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyepotea sokoni. Kisha akasema, polepole sana, "Hebu fungua pazia kidogo."

Nasimiyu alilifungua, kwa sababu alikuwa amezoea kutumwa. Alipogeuka alimwona Kipyegon ameinua simu na anapiga picha. Katika mambo yote ya nyumba ile, hilo la pazia ndilo lililomwuma zaidi, na halijaacha kumwuma.

Walimzika huko juu karibu na Molo, kwa kina Kipyegon, katika ukungu na matope. Kimberly alilia mpaka akashikiliwa. Walimu wenzake waliimba. Baada ya matanga Kimberly alirudi chuoni, na Kipyegon akajifungia bandani akaimaliza picha.

Wageni wakaanza kuja kutoka Nairobi kuitazama. Mmoja wao, mwanamume mwenye sauti ya upole, alisimama mbele ya picha akavua miwani akafuta macho. Alisema picha hiyo itafungua maonyesho makubwa. Nasimiyu alikuwa amebeba sinia ya chai. Aliiona picha yote kwa mara ya kwanza: kitanda, mwanga wa dirishani, na uso wa Cherop ukiwa wazi, mdomo nusu wazi, kila mfupa mahali pake. Ilikuwa kama kumwona tena.

Wageni walipoondoka, alimfuata Kipyegon bandani.

"Baba Kim, mum alikataa hii picha. Aliniomba isionekane na watu."

"Wewe kazi yako ni ya nyumba," Kipyegon alisema bila kugeuka. "Usinifundishe mke wangu alitaka nini."

"Alikuambia hata wewe."

Kipyegon aligeuka. Alipozungumza tena ukali ulikuwa umemtoka. "Sikujua kufanya kitu kingine, Nasimiyu. Kila mtu alikuwa na kazi kwenye hicho chumba isipokuwa mimi. Nilikuwa nifanye nini? Niketi nimwangalie akiisha?"

Nasimiyu alikusanya vikombe vya wageni. Alimwonea huruma, na ingekuwa afadhali kama asingemwonea.

Kesho yake Kipyegon alishuka mjini kutafuta mbao za fremu. Nasimiyu alimaliza kuosha vyombo, akaenda bandani na kitambaa, akachukua chupa ya tapentaini ya kuyeyushia rangi. Rangi ilikuwa nene na haijakauka ndani. Alianza na mdomo. Alisugua kwa upole, kama alivyozoea kumpangusa Cherop mwenyewe, mpaka uso wote ukawa doa la kahawia. Kitanda na dirisha hakuvigusa. Halafu akanawa mikono, akaketi kwenye ngazi ya jikoni akangoja. Hakukimbia, maana hakuona ametenda jambo la kukimbiwa.

Kipyegon hakupiga kelele. Aliketi sakafuni bandani mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia, kisha akapiga simu polisi.

Mahakamani Nasimiyu alieleza alichoahidi. Hakimu akauliza nani mwingine alisikia. Hakukuwa na mwingine. Kimberly aliitwa kutoka Eldoret. Alisimama kwenye kizimba cha mashahidi amevaa sweta la mama yake, akasema mama hakuwahi kumwambia neno kama hilo, na kwamba yule msichana alikuwa na wivu kwa familia yao. Aliposema hivyo hakumtazama Nasimiyu. Kipyegon hakusema mengi, ila hakuondoa kesi. Nasimiyu alihukumiwa kazi za jamii, akapewa kufyeka nyasi na kusafisha vyoo vya umma mbele ya watu waliomfahamu tangu utotoni.

Na Kipyegon akachora upya. Alikuwa na picha kwenye simu. Ile ya pili ilikwenda kwenye maonyesho, ikaandikwa gazetini, ikanunuliwa na mtu wa ng'ambo. Walimu wa Bahati walitumiana picha hiyo kwenye simu zao.

Hakuna aliyemtaka Nasimiyu nyumbani kwake tena. Alipata kibarua cha kuchambua viazi vinavyoshushwa kutoka malori ya Molo, akitenga vilivyooza. Mama yake alimwuliza mara moja tu, "Si ungenyamaza?" Nasimiyu akanyamaza.

Kimberly alimtafuta baada ya msimu mmoja wa mvua kupita. Alimkuta ameinama juu ya magunia, mikono imejaa udongo.

"Nimeona picha kwenye simu ya baba," Kimberly alisema. "Zile alizompiga mum akiwa bado hai. Karibu zote, amejificha uso kwa mkono. Baba aliutoa huo mkono kwenye mchoro."

Nasimiyu aliendelea kuchambua.

"Nimekuja kusema pole."

"Uliapa kwa Biblia, Kim. Ukasema nina wivu."

"Nilisema."

Malori yalinguruma nyuma yao. Nasimiyu hakumwambia amemsamehe, kwa kuwa hakuwa amemsamehe. Lakini Kimberly alipouliza mama yake alikuwaje siku za mwisho, alisogeza gunia akampa pa kukaa. Alimweleza kwamba mum alipenda kuogeshwa jua likiwa limeingia chumbani. Alimweleza kwamba alikuwa akitaja majina ya wanafunzi wa zamani, akisahau mmoja na kukasirika. Kuhusu pazia hakumwambia.

Picha yenyewe haikuweza kurudishwa. Kimberly aliomba, baba yake akasema imeshavuka bahari. Baba na binti hawazungumzi sasa. Kipyegon amerudia pundamilia, na wanaomjua wanasema mkono wake umekuwa mzito.

Mwaka huu Kimberly alimpatia Nasimiyu kazi ya kumtunza mzee aliyepooza, huko Molo. Nasimiyu aliikubali kwa kuwa viazi vilikuwa vimemharibu mikono. Huko baridi ni kali na mzee ni mkorofi. Hutema chakula na kumwita kwa jina la binti yake aliyekufa. Nasimiyu huitika. Kisha humfuta kidevu, akajaza tena kijiko.