Kila Niliyewekwa Kumkaimu Alipoteza Sauti

Ndani ya msimu mmoja tu, waimbaji wawili walipoteza sauti wakiwa karibu nami. Wa tatu nilimwona mwenyewe akifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Wote watatu walikuwa na nafasi ambazo mimi niliwekwa kuzikaimu.

Hebu niambie, ungekuwa mwenzao ungenichukuliaje?

Naitwa Penisimani, Mtonga wa visiwa vya Tonga, mkazi wa Dandenong, hapa Melbourne, Australia. Kazi yangu ni kuimba opera. Sauti yangu ni baritoni, ile ya kiume ya katikati, si ya juu sana wala ya chini kabisa.

Nilianzia kanisani kwetu. Pale ukiimba kwa kubana sauti, akina mama wanageuka kukuangalia kama umemwibia Mungu. Kwetu mtu anaimba kwa kifua chote, basi.

Aliyenitoa huko ni Mzee Clive, baritoni mkongwe wa kampuni yetu. Alinisikia kwenye mazishi ya jirani yake, akaniambia nisipoteze bahati. Akanisomesha pumzi, Kitaliano, Kijerumani, mpaka namna ya kuanguka nikichomwa kisu jukwaani. Alitaka niweze kila kitu: leo baba anayemlilia bintiye, kesho daktari tapeli wa kuchekesha, keshokutwa muuaji.

Alisema anayeweza vyote halali njaa.

Na kweli, kampuni ikanichukua kama mwimbaji wa akiba. Unajifunza nafasi ya mwenzako yote, unakaa karibu na jumba, simu mkononi, ukisubiri augue. Kwa kuwa mimi naweza chochote, nikapewa kuwakaimu mabaritoni wote.

Wa kwanza kukaukiwa sauti alikuwa jamaa wa Adelaide. Tukasema ni mafua.

Wa pili alikuwa Mzee Clive mwenyewe.

Tulikuwa mazoezini. Sauti yake ilikatika katikati ya neno, kama redio iliyozimwa. Daktari akakuta mshipa umepasuka kwenye nyuzi za sauti. Hajaimba tena mpaka leo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nikiingia kwenye mgahawa wa wafanyakazi, watu wanamaliza kahawa ghafla. Angus Tennant, aliyepewa nafasi kubwa ya kufunga msimu, alikataa hata kugusa birika nililotoka kulishika.

"Peni, kaka, we una gundu," aliniambia mbele ya watu. "Ukisimama kushoto kwangu, mimi nahamia Perth."

Nikacheka nao. Lakini roho iliniuma, nisikudanganye.

Maana mkataba wangu ulikuwa unaisha na msimu. Philippa, meneja wetu, alishaniambia kwamba waimbaji hawataki kufanya kazi na mimi. Nilibakiwa na nafasi moja: mazoezi ya mwisho na okestra, ambapo wa akiba anaimba kipande kimoja wakubwa wakimsikia, kisha mwenye nafasi anakirudia. Nikiwakosha, nabaki. Nikishindwa, narudi kwenye kazi yangu ya zamani, kubeba masanduku ghalani.

Nikaenda kwa Mzee Clive. Nilimkuta jikoni kwake na shali shingoni. Nikamuuliza bila kuzunguka kama ni mimi niliyemuulia sauti.

Akazima jiko. Kisha akanong'ona, maana ndicho alichobaki nacho.

"Ndiyo."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Siyo uchawi, kijana. Mazoezini tunaimba nusu sauti, tunajitunza. Nimekwambia mara ngapi? Wewe unaachia yote kama uko kwa mama zako kanisani. Sasa mtu mzima akisikia sauti ile nyuma yake, unadhani atakubali aonekane kachoka? Siku ile nilikuwa na mafua. Nikaachia yote na mimi."

"Mbona hukuniambia kwamba sauti yangu inakuumiza?"

"Nianzie wapi? Kwamba namwonea wivu mwanafunzi wangu?"

Nililia ndani ya gari mpaka kioo kikaingia ukungu.

Siku ya mazoezi ikafika. Angus alikuja anakohoa, kajifunga skafu, anatafuna tangawizi. Nikaelewa mtihani uliokuwa mbele yangu. Nikiachia sauti yote, napata kazi, na huyu atanijibu na koo lake bovu. Nikiimba nusu, yeye anapona na mimi ndio basi.

Nikaimba nusu.

Sijui nikueleze vipi uchungu wake. Chini, kwenye viti vya mbele, Philippa alikuwa ameinamisha kichwa. Kiongozi wa okestra alinitazama mara moja, hakurudia.

Nikapisha. Angus akapanda, na alipofika usawa wangu akaninong'oneza, "Leo gundu limekosa nguvu, eh?"

Nikamsihi aimbe nusu, anaumwa. Akatabasamu.

Kisha akaachia yote.

Hakuwa anamkimbiza mtu aliyemzidi. Mimi nilishamwachia. Alitaka tu jumba zima lione umbali uliopo kati yetu. Alipofika noti ya juu, mdomo ukabaki wazi na okestra ikaendelea peke yake.

Watu wote wakageuka. Hawakumwangalia yeye. Waliniangalia mimi.

Philippa akaja pembeni ya jukwaa, hanitazami usoni. "Kapime mavazi," akasema. "Kesho ni wewe."

Kesho yake niliimba kwa kifua chote, watu wakasimama. Nilipotoka jukwaani, korido ya nyuma ya jukwaa ilikuwa tupu na milango ya vyumba vya waimbaji yote imefungwa.

Sasa nina mkataba wa kudumu. Mwimbaji wa kunikaimu wanamtafuta bado, kila wanayemwomba anakataa.

Ninachotaka uondoke nacho ni hiki: mwenzio akikuzidi, mwambie kwamba amekuzidi. Ni neno dogo. Clive angelisema mapema, mimi ningejirekebisha, na leo angekuwa anaimba.