Kumwazia Mume Aliye Porini

Wakati wa Mwingereza, msimu wa kurina asali ulipofika, wanaume wengi wa kijiji chetu, karibu na Tabora mjini, waliingia porini wakakaa huko majuma kadhaa. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa msichana wa mjini, mtaa wa Mtendeni, nimesoma kidogo misheni, ulimi mkali kama pilipili, na ndoa yetu ilikuwa bado changa.

Asubuhi alipoondoka, mama mkwe aliniketisha jikoni. "Mwanangu, mume akiwa porini, mke anamlinda kwa moyo. Usigombane na mtu. Usimwazie mabaya. Moyo ukichafuka hapa, nyuki wanachafuka kule." Ndivyo alivyoishi yeye miaka ile baba mkwe alipokuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Nikamjibu kwamba mimi nimebatizwa, mambo ya nyuki hayanihusu. Alicheka tu.

Haikupita juma. Kisimani mwanamke mmoja akanitania kwamba huko porini, kwenye kambi ya warina asali, kuna mjane hodari wa kupika. Basi! Mjane huyo nilimtengeneza mwenyewe kichwani, nikamvika kanga mpya, nikampa kiuno na kicheko. Kila nilipoketi nilimwona akimtilia mume wangu mchuzi. Ugali nikauunguza. Mbuzi wa watu nikampiga teke bure.

"Uko wapi?" mama mkwe akaniuliza.

"Niko hapa, mama."

"Mikono ndiyo iko hapa."

Akanifundisha. Moyo ukitoroka, usiugombeze, uite urudi kwenye kazi. Unatwanga, sema moyoni: natwanga. Unapepeta, sema: napepeta. Kisha mtaje mumeo kwa jambo jema ulilowahi kuliona kwa macho yako, si la kuambiwa. Nilijaribu kwa kejeli, na ikanifaa. Nilipata usingizi, hata ugali ukaiva. Lakini wivu una utamu wake, jamani. Niliukosa ule uchungu, nikamrudia mjane wangu kwa hiari, mtu mzima na akili zangu.

Kisha wenzake wakamleta mume wangu wamembeba kwenye machela. Nyuki walikuwa wamemvamia juu ya mti. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefumba kabisa. Niliwauliza wale wanaume ni nani aliyekuwa akiwapikia huko. Wakashangaa swali langu. Walipika wenyewe, kwa zamu.

Wazee wa ukoo wakaketi uani. Baba mdogo wa mume wangu akauliza, "Nani katika nyumba hii aliuchafua moyo?" Kila mtu aliijua mila: mke akikiri, anarudishwa kwao. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui ningesema nini.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Nilimnung'unikia kwa kuondoka bila kuniezekea nyumba."

Wakamkataza kumkaribia mwanawe mpaka apone. Akachukua mkeka wake akaenda kukaa kwa jirani, akanipita mlangoni bila kunitazama. Mimi nikafunga mdomo wangu. Nilijua nyuki huuma, ndiyo kazi yao, na sikuamini kwamba mimi ndiye niliyewatuma. Lakini aibu ilinishika hadi miguuni, kwa kuwa yule mama alijua kila nilichowaza, na bado akanisitiri.

Tangu siku hiyo nimejizoeza kuuchunga moyo wangu, na watu husifu upole wangu. Nikisifiwa natamani kujificha.

Jioni ile nilikaa kitandani nikamnywesha mume wangu uji. Alikuwa haoni, akapapasa mpaka akaushika mkono wangu.

"Mama yuko wapi?"

"Wazee wamemkataza kuja."

Yaliyosemwa uani alikuwa ameyasikia.

"Mama yangu mzazi, kunifanyia hivi," akasema. "Afadhali wewe hukuniwazia mabaya."

Nikachota uji mwingine, nikaupuliza upoe, nikamtia mdomoni.