Wali wa Nazi wa Mama wa Honduras

Nilipokuwa nasoma chuo huko Maryland, msichana mmoja wa darasani kwetu aliandaa sherehe ya Walatino, yaani watu wa Amerika ya Kilatini, wenye asili ya Afrika. Alikuwa mweusi kunizidi, ila wazazi wake walitoka Honduras, na nyumbani kwao Langley Park walizungumza Kihispania. Aliniomba mimi, Mtanzania, nipande jukwaani niseme tunavyofanana.

Nilikuwa na kinyongo naye. Wiki ile ile alinishinda katika uchaguzi wa chama cha wanafunzi weusi. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Huyu ni Mlatino. Uafrika anauvaa siku ya ngoma tu, kesho anauvua."

Ukumbi ukacheka. Mama yake, aliyekaa mbele, hakujua Kiingereza. Akamshika binti yake mkono na kumuuliza nimesema nini. Nilidhani atamdanganya. Hakumdanganya; alimtafsiria neno kwa neno huku machozi yakimtoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Baadaye tulipanga foleni ya chakula. Mama yule alikuwa akipakua wali wa nazi na maharage, unaonukia kama wa kwetu Tanga. Zamu yangu ilipofika alinitazama usoni, akafunika sufuria, akasema jambo kwa Kihispania.

"Mama anasema chakula hiki ni cha Waafrika," binti yake akanitafsiria.

Watu wakacheka tena, wale wale. Nikaiweka sahani mezani, nikaenda kusubiri basi. Hatukusemeshana tena mpaka tulipohitimu.