Daftari la Matendo Mema

Harufu ya dagaa wanaokauka juani nimeizoea kiasi kwamba siisikii tena. Ninayoisikia mpaka leo ni ile ya dagaa walioloa. Inachacha, inaingia kwenye nywele na kwenye sare ya shule, na ukikutana nayo asubuhi unajua kuna mtu nyumba fulani ameamka na hasira. Kwetu ni Kirumba, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni, kule ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe moja kubwa, bapa, ambalo watoto kumi wanaweza kulala juu yake wakajinyoosha. Upande wa ziwani mama yangu alianika dagaa wake, na upande wa mlimani alianika jirani yetu, Mama Kulwa. Katikati walipanga mstari wa vijiwe, na vijiwe hivyo havikuisha maneno. "Kijiwe kimetembea tena," Mama Kulwa alisema kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Nadhani kimeota miguu." Mama alifagia upande wetu kwa nguvu zaidi, na ikafika mahali wakaacha hata kusalimiana.

Nilikuwa na miaka kumi wakati huo, sasa nina kumi na saba. Masika yale nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na Katekista wetu, mzee mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha wafu, alikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto alinunua daftari dogo, akaandika juu yake "Matendo Mema", na kabla ya Pentekoste alitakiwa awe na matendo kumi na mawili. Watu wa nyumbani kwako hawahesabiwi. Na chini ya kila tendo lazima uliyemsaidia aweke sahihi, au kidole kama hajui kuandika. Kila Jumamosi mchana tulisoma matendo yetu mbele ya wenzetu, tumesimama. Asiyetimiza angesubiri mwaka mwingine. Kwa watoto wengine ilikuwa kama mchezo. Mimi hata kumwambia mtu shikamoo ilinibidi nijipange kuanzia mbali, nimeze mate, na mara nyingi alikuwa ameshapita. Sasa eti nimsaidie mtu, halafu nimwambie, samahani, naomba uandike hapa kwamba mimi ni mwema! Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanapata moto.

Nakumbuka tendo langu la tatu. Nilimwoshea mama mmoja sufuria zake zote, nikazipanga juani, kisha nikasimama mlangoni daftari likiwa nyuma ya mgongo. Nikasimama, nikasimama. Yule mama akadhani nina njaa. Akanipa kiazi, akasema, "Haya mwanangu, nenda kwenu kabla giza halijaingia." Nikaenda kwetu na kiazi bila sahihi, nikakila njiani nikilia. Rafiki yangu Agripina, ambaye tulikaa naye benchi moja, alikuwa ameshafika tisa. Alikuwa anaingia nyumba za watu kama mtu wa sensa. "Tatizo lako unangoja waombe," aliniambia. "Wewe beba ndoo, watie sahihi, tembea."

Wazee wa mtaani kwetu walipata taabu masika yale. Kulikuwa na Bibi Mektilda, anaishi peke yake chini ya mrundo wa mawe matatu, na watoto wote wa mafundisho walimgundua siku moja. Nilifika kwake na ndoo ya maji kichwani, nikamkuta ameshika kiuno mlangoni. "Na wewe pia?" akaniuliza. "Pipa limejaa. Ndoo zimejaa. Hata sufuria ya ugali mmenijazia maji! Nipikie wapi, kwenye kiatu? Mwambieni huyo Katekista wenu aniache nife na kiu yangu." Nilicheka, halafu nikaona hasira. Nilirudi na ile ndoo mpaka nyumbani, shingo inauma, na daftari, lililofika matendo kumi kwa taabu, halijaongezeka. Gauni jeupe lilikuwa limeshafika, la binamu yangu, mama amelipunguza hapa na pale likanikaa sawasawa, linaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu. Kila usiku nililitazama nikajua jambo moja: nikishindwa, mwaka unaofuata halitanitosha. Nilisali sana. Nilimwambia Mungu sihitaji muujiza mkubwa, nahitaji watu wawili tu wenye shida ndogo na kalamu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kukabidhi madaftari, mama aliteremka Mwaloni asubuhi. Jiwe lilikuwa limejaa dagaa, pande zote mbili, na aliniambia kwa kidole, "Usibanduke hapa. Ukiona wingu, kusanya." Nilikaa. Jua lilikuwa kali kabisa. Nikaanza kuwaza kwamba pipa la Bibi Mektilda lazima limepungua, watu hunywa, watu huoga. Ni mwendo mfupi tu. Nilichukua daftari na ndoo nikaondoka mbio. Na kweli safari hii pipa lilikuwa nusu, na Bibi alikuwa na furaha, akaanza kunihadithia habari za mguu wake, na mimi ni nani nimkatishe mtu mzima? Nilikuwa bado nasema "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi" wakati upepo ulipopiga mabati. Anayeijua Mwanza anajua mvua ya ziwani haibishi hodi. Nilitupa ndoo, nikakimbia. Matone yalinikuta njiani, makubwa, na nilipofika nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanatiririka juu ya jiwe.

Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti. Upande wetu ulikuwa mtupu, umefagiliwa, na dagaa wetu wamekusanywa fungu moja pembeni, wamefunikwa kwa turubai, turubai lake, limekandamizwa na mawe pembe zote nne. Upande wake ndio alikuwa anaukusanya sasa, kwa mikono, na dagaa walikuwa wanamponyoka wanaelea kwenye nyufa za jiwe kuelekea bondeni. "Unashangaa nini?" akanifokea. "Leta beseni!" Nilileta. Tulichota mpaka mvua ikatushinda, lakini dagaa walioloa hivyo hawafai tena kuliwa na watu, wanabaki kuwa chakula cha kuku, na yeye alijua, na mimi nilijua. Tulipojikinga chini ya paa lake nilimuuliza, swali refu kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu mzima: "Mama Kulwa, kwa nini ulianza na wa kwetu?" Akakamua khanga yake. "Mvua ilianzia upande wenu," akasema. "Ningefanyaje?" Jiwe lile lina upana wa hatua kumi na mbili. Mvua haikuanzia upande wowote.

Mama aliporudi nilipata haki yangu, sitaieleza. Asubuhi yake alijaza beseni dagaa wetu wakavu akalivusha ule mstari wa vijiwe. Mama Kulwa akalirudisha. Mama akalivusha tena. "Chukua!" "Sitaki!" "Nimesema chukua, wewe mwanamke!" "Kwani mimi ombaomba?" Waligombana mpaka watu wakatoka nje kutazama, kila mmoja anamsukumia mwenzake beseni, na mwisho likabaki limekaa juu ya vijiwe vyenyewe, nusu huku, nusu kule. Jioni halikuwepo. Sikumwona aliyelichukua.

Nilichelewa mafundisho ile Jumamosi ya mvua, lakini Katekista alitupa mpaka Jumatano. Bibi Mektilda alinitilia kidole chake, likawa la kumi na moja. La kumi na mbili nililiandika usiku, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Nilipompelekea Mama Kulwa aweke sahihi alilitazama daftari kama nimempa chura. Yeye hakuwa mtu wa kanisani, alikuwa hata hajabatizwa. "Nisaini nini? Kwamba mvua ilinyesha? Niondolee hayo." Kwa hiyo Jumatano nilisimama mbele ya wenzangu bila sahihi, nikasoma. "Sauti!" akasema Katekista. Nikasoma tena: "Mama Kulwa aliokoa dagaa wetu, wake wakaloa." Akauliza, "Na wewe ulifanya nini?" Nikasema sikufanya kitu, nilikuwa nimetoroka. Watoto wakaangua kicheko. Agripina alinivuta sketi nikae. "Basi hilo ni tendo la Mama Kulwa," Katekista akasema, akafunga daftari. "Mwambie aje apokee yeye."

Nilipokea mwaka uliofuata. Gauni liliongezwa kipande cha kitambaa chini, cheupe cha aina nyingine, kinaonekana kabisa kwenye picha. Katekista hakuwa mtu mbaya, alifuata utaratibu wake, lakini maneno yale yananikera mpaka leo, kwa sababu sijapata jibu lake. Lile daftari sikulitupa. Kurasa zilizobaki niliendelea kuziandika matendo ya watu wengine, yasiyo na sahihi, na lilipojaa nikanunua lingine, na hivi ndivyo nilivyoanza kuandika shajara.

Sasa niko kidato cha nne, nimepata Kipaimara, nafundisha watoto wadogo nyimbo kila Jumapili, japo bado natazama chini nikiongea. Mwezi uliopita nilikuwa peke yangu nyuma ya nyumba, nasoma, dagaa wako juani pande zote mbili. Mama Kulwa alikuwa amekwenda kliniki. Upepo ukapiga mabati. Nilitupa kitabu nikaruka juu ya jiwe, na miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba siku kama hiyo ikifika nitaanza na wa Mama Kulwa. Mikono yangu ilianza na wa kwetu. Sikuiuliza, haikuniuliza. Nilipovuka vijiwe, upande wa mlimani ulikuwa umeshaanza kuelea. Mama Kulwa alinikuta nimepiga magoti kwenye maji, nachota, nalia kwa hasira. Akaweka kadi yake ya kliniki chini ya bati, akapandisha khanga, akapiga magoti karibu yangu. "Sogea," akasema. "Unachota vibaya, unawaponda." Halafu akacheka. "Mvua ilianzia upande wenu, eeh?"