Bahasha Zilizolala Kwenye Droo ya Mapokezi

"Dawa unaendelea nazo vizuri?" nesi aliniuliza.

Dawa zipi? Mimi nilikuwa nimepeleka jino bovu!

Akalitazama faili tena, kisha akainuka kufunga mlango.

Miaka miwili nyuma nilipimwa damu palepale hospitalini kabla ya upasuaji wa kidole tumbo. Wakasema majibu yakitoka watanipigia. Hawakupiga. Nikajiambia kungekuwa na shida wangepiga, nikarudi saluni kwangu kusuka watu, roho kwatu.

Kumbe faili linasema nina virusi vya UKIMWI. Kila mtu alidhani mwenzake ameshaniambia.

Mume wangu, fundi bomba, alikuwa kwenye benchi nje. Nikamwambia huku nalia.

Akanifuta machozi. "Mke wangu, kazi yangu ni kuziba yanayovuja. Hili nalo tutaliziba. Wanapimia wapi?"

Akapimwa. Hana. Akarudia baada ya miezi mitatu. Hana! Mimi nikaanza dawa siku ileile niliyoambiwa.

Wiki moja baada ya kuanza dawa nikatinga kwa daktari mkuu.

"Dada, ni bahati mbaya..."

"Bahati mbaya ni mvua kunyesha nimeanika nguo. Hii ni kazi haikufanyika! Na wenzangu wasiopigiwa simu je?"

Akainuka. Tukaenda mapokezi, dada wa pale, ambaye kazi yake ni kuwapigia watu simu za majibu, akafungua droo. Bahasha kumi na moja za majibu, zote za mwezi ule niliopimwa, yangu ikiwemo.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nikishika simu niwaite, nguvu zinaniishia."

Nilitaka kumrarua. Ila akachomoa bahasha moja, akaikumbatia.

"Hii ni yangu. Nami nilipima."

Jamani! Hata yake hakuifungua.

Hasira zikayeyuka. Akaniomba nikae naye, tukaifungua.

Hana kitu!

Yaani mimi mwenye virusi nimekoroma miaka miwili, yeye asiye navyo hajapata usingizi! Tukacheka na machozi yetu mpaka daktari akatushangaa.

Dada yule alinyang'anywa kazi, ilibidi. Wenye zile bahasha tisa zilizobaki waliitwa wiki ileile, kila mmoja faragha. Mimi nikaombwa radhi kwa barua.

Leo, kwa dawa ninazomeza kila siku, kipimo hakivioni tena virusi vyangu, simwambukizi mume wangu, na nina mimba ya miezi mitano. Fundi bomba kashaanza kubishana na tumbo.

Ndugu yangu, ukipimwa, fuatilia majibu mpaka uyasikie kwa masikio yako. Wakikuita king'ang'anizi, itika.